Uvimbe nyuma ya goti: usipasuliwe kabla ya kupigwa altrasaundi

UVIMBE unapotokea nyuma ya goti, washauri hawakosekani. Jirani atasema ni jipu, likandwe kwa maji ya moto mpaka liive. Mwingine atasema ni mtoki na utapotea wenyewe. Wa tatu atamtaja fundi wa kuumika, ambaye kwa wembe na chuku ataitoa "damu mbaya" na mgonjwa arudi shambani kesho yake.

Huenda mmoja wao akabahatisha. Lakini nyuma ya goti si mahali pa kubahatisha. Hapo, katika nafasi ndogo isiyozidi upana wa kiganja, hupita ateri inayolisha mguu wote wa chini, vena inayorudisha damu moyoni, na mishipa ya fahamu inayoinua unyayo na kukanyagisha kisigino. Mwenye kupasua hapo bila kujua kilichomo ndani anaweza kumwacha mgonjwa bila mguu, au bila uhai.

Katika makala ya wiki hii tutaeleza vifuko vinavyoota nyuma ya goti, hasa vile visivyo vya kawaida, na jinsi mtambo wa altrasaundi unavyosaidia kuvitofautisha. Somo hili linawahusu wakulima na wagema wa Kwale, wavuvi wa Msambweni na Gazi, wafanyakazi wa hoteli za Diani wanaosimama kutwa, na kila mwenye mzazi anayelalamika magoti.

Kifuko cha Baker ni nini?

Goti ni kiungo kilichofungwa ndani ya ngozi nyembamba inayotoa ute. Ute huo ni kama mafuta ya bawaba: hulainisha mifupa isisagane. Goti lenye afya huwa na ute kidogo tu. Likiumia au kuugua, hutoa ute mwingi kupita kiasi, nao hutafuta pa kwenda.

Upande wa nyuma, kwa ndani, kuna upenyo kati ya kano mbili: kano ya msuli wa paja na kano ya msuli wa shavu la mguu. Ute husukumwa kupitia upenyo huo kila mtu anapokunja na kunyoosha goti, ukajaa katika kifuko kilichoko nyuma. Mara nyingi upenyo hufanya kazi kama vali: ute huingia kwa urahisi lakini haurudi. Ndipo uvimbe unapoonekana, mgumu mtu anaposimama wima na laini anapokunja goti.

Mpasuaji Robert Adams wa Dublin aliueleza uvimbe huu mwaka 1840. Mwaka 1877, William Morrant Baker wa London aliandika juu ya wagonjwa kadhaa na kuonyesha kuwa uvimbe unatokana na ugonjwa ulio ndani ya goti lenyewe. Tangu hapo unaitwa kifuko cha Baker.

Basi kifuko hiki ni dalili. Ugonjwa wenyewe uko mbele yake: gegedu lililochakaa kwa umri na kazi, gegedu lililochanika, baridi yabisi au jongo. Hapa pwani tuongeze chikungunya. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza Newala, katika nchi ya Wamakonde, mwaka 1952 na 1953, na jina lake limetokana na lugha yao kwa jinsi unavyompinda mgonjwa. Ulizuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, kisha Mombasa tena mwisho wa mwaka 2017 hadi 2018. Kuna waliopona homa lakini viungo vikaendelea kuuma na kuvimba kwa miezi mingi.

Kwa watoto mambo ni tofauti. Kifuko cha mtoto mara nyingi hakina ugonjwa wowote ndani ya goti, na aghalabu hupotea chenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili. Mzazi asikubali mwanawe apasuliwe kwa haraka.

Kuona kwa sauti

Wauza madafu wetu hugonga na kutikisa nazi wajue kama ina maji. Pomboo wa Kisite, ng'ambo ya Shimoni, hutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake ili wajue samaki yuko wapi. Altrasaundi hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Sikio la binadamu haliwezi kusikia sauti inayotetema zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Kifaa cha kupimia goti hutetema mara milioni 7 hadi 12 au zaidi kwa sekunde. Sauti hiyo husafiri ndani ya mwili kwa mwendo wa karibu mita 1,540 kwa sekunde. Inapogonga mpaka kati ya tishu moja na nyingine, sehemu yake hurudi. Mwangwi kutoka kina cha sentimita 3 hurudi kabla sekunde moja iliyogawanywa mara milioni haijatimiza sehemu 40. Kompyuta hupima muda huo na kuchora picha.

Maji hayarudishi mwangwi, kwa hiyo huonekana meusi katika picha. Nyama na mafuta huonekana kijivu. Mfupa huonekana kama mstari mweupe wenye kivuli nyuma yake. Tena, kwa kuwa maji hayanyonyi sauti sana, sehemu iliyo nyuma ya kifuko cha maji hung'aa kuliko jirani zake. Weusi na mng'ao wa nyuma ndizo alama mbili za kwanza za kifuko cha maji.

Mitambo mingi pia huonyesha damu inayotembea, kwa rangi nyekundu na buluu. Msomaji asidhani nyekundu ni ateri na buluu ni vena. Rangi huonyesha tu kama damu inakuja upande wa kifaa au inakwenda mbali nacho.

Kipimo hiki hakitumii mionzi kama ile ya eksirei. Hakiumizi, na hata mama mjamzito hupimwa bila hofu.

Faida yake ilidhihirika mapema. Mwaka 1958, Ian Donald wa Glasgow na wenzake walitangaza matumizi ya mwangwi kuchunguza uvimbe wa tumbo. Mmoja wa wagonjwa wao wa mwanzo alidhaniwa ana saratani isiyotibika, lakini mtambo ulionyesha kifuko kikubwa cha maji katika ovari. Alipasuliwa akapona. Mwaka 1972 madaktari wakachapisha jinsi altrasaundi inavyotofautisha kifuko cha Baker na ugonjwa wa vena za mguu.

Msambweni na altrasaundi

Elimu hii si ngeni kwetu. Utafiti mkubwa wa kichocho ulianza Msambweni mwaka 1984, ukiwashirikisha watafiti wa Kenya na wa kutoka Marekani. Watoto wa shule walioambukizwa walitibiwa kwa metrifonati au prazikwanteli ili dawa hizo mbili zilinganishwe.

Swali lilikuwa: je, mayai ya kichocho yameharibu nini ndani? Mkojo pekee haukuweza kujibu. Altrasaundi ilionyesha kibofu kilichonenepa ukuta na figo zilizojaa mkojo usioweza kushuka, kwa watoto ambao kwa macho walionekana wazima. Ilionyesha pia kwamba madhara mengi yalipungua baada ya dawa.

Funzo la Msambweni linafaa kwa goti pia: kinachoonekana nje hakitoshi kueleza kilichoko ndani.

Jinsi unavyopimwa

Mgonjwa hulala kifudifudi, miguu imenyooka, nyuma ya goti pakiwa wazi. Mpimaji hupaka jeli, maana hewa kati ya kifaa na ngozi huzuia sauti. Kisha hupitisha kifaa kwa urefu na kwa upana, kuanzia juu ya goti hadi shavu la mguu. Mpimaji mzuri hutafuta majibu ya maswali haya matano:

1. Je, ndani ni maji matupu, maji yenye uchafu, au nyama?

2. Je, uvimbe una shingo inayopita kati ya zile kano mbili hadi ndani ya goti? Hii ndiyo hati ya utambulisho ya kifuko cha Baker. Picha yake hufanana na alama ya mkato ya mwandishi, au puto lenye shingo nyembamba.

3. Je, kuna damu inayotembea ndani ya uvimbe au katika kuta zake?

4. Je, ateri iko salama, na upana wake ni wa kawaida?

5. Je, vena inabonyea ikikandamizwa? Vena nzima hulala kama mpira wa bustani usio na maji. Yenye damu iliyoganda hukataa kubonyea.

Kazi yote huchukua kama dakika 15 hadi 30. Ni vizuri goti la pili nalo lipimwe kwa kulinganisha.

Vifuko visivyo vya kawaida

Kanuni moja ishikwe na kila anayepima: uvimbe usio na shingo kati ya kano mbili usiitwe kifuko cha Baker mpaka mengine yafuatayo yamefikiriwa.

Ateri iliyotanuka. Ukuta wa ateri ya goti ukidhoofika hutanuka kama mpira wa baiskeli uliochoka. Huwapata zaidi wanaume wazee, hasa wavutaji sigara na wenye shinikizo la damu. Uvimbe hudunda, ingawa uliojaa damu iliyoganda unaweza usidunde. Altrasaundi huonyesha damu ikizunguka ndani. Karibu nusu ya wagonjwa hawa huwa na tatizo hilo magoti yote mawili, na wengi huwa nalo tumboni pia, kwa hiyo tumbo lipimwe siku hiyo hiyo. Anayechoma sindano hapa akidhani ni jipu atakutana na damu inayoruka. Hatari nyingine ni vipande vya damu iliyoganda kuziba mishipa ya chini na mguu kuoza.

Ganglioni. Ni kifuko chenye ute mzito kama jeli, kinachoota karibu na kano au kiungo. Huweza kuwa na vyumba vingi ndani. Kikiota upande wa nje, karibu na kichwa cha mfupa mwembamba wa mguu, hubana mshipa wa fahamu. Mgonjwa hushindwa kuinua unyayo, akawa anaburuta vidole. Huyu asicheleweshwe, kwani mshipa uliobanwa muda mrefu huenda usipone.

Kifuko cha gegedu. Gegedu lililochanika hupenyeza ute pembeni ya goti. Kifuko chake hushikana na gegedu lenyewe na kwa kawaida hukaa kwenye mstari wa kiungo, si kati ya kano mbili. Kukitoa maji bila kutibu gegedu ni kupiga maji kinu.

Kifuko ndani ya ukuta wa ateri. Ni nadra. Huwapata zaidi wanaume wa makamo, ambao shavu la mguu huwauma wakitembea na kutulia wakipumzika. Ute hujikusanya katika ukuta wa mshipa na kuubana.

Jipu la ndani. Usaha unaweza kujificha ndani ya msuli bila ngozi kuwiva. Picha huonyesha maji yenye vumbi linaloelea, na damu nyingi kuzunguka ukingo. Mgonjwa huwa na homa. Uvimbe wa polepole, wenye kukonda na jasho la usiku, utufanye tufikirie kifua kikuu cha goti.

Kifuko cha tegu. Tegu wa mbwa huacha vifuko vya maji mwilini mwa binadamu, hasa katika ini na mapafu, na mara chache katika misuli na mifupa. Turkana imeathirika sana, na AMREF ilikuwa ikipeleka mitambo ya altrasaundi vijijini huko katika miaka ya 1980. Kwale si Turkana, lakini watu husafiri. Kifuko kilichotobolewa ovyo humwaga maji yanayoweza kumletea mgonjwa mshtuko wa ghafla.

Saratani inayojifanya maji. Hili ndilo la kuogopwa zaidi. Kuna saratani za tishu laini, hasa ile iitwayo sarkoma ya sinovia, ambayo hupenda maeneo ya goti na huwapata hata vijana. Huweza kukua polepole kwa miaka, na katika picha huonekana nyeusi karibu kama maji. Mpimaji mwenye haraka ataandika "kifuko" na kumrudisha kijana nyumbani. Mpimaji makini atawasha rangi, aone mishipa ya damu ndani. Maji matupu hayana mishipa ya damu. Uvimbe wa namna hii hauchezewi wala haukatwi kliniki. Mgonjwa apelekwe kwenye hospitali kubwa kwa picha zaidi na kipande kidogo kichunguzwe kabla ya upasuaji.

Kifuko kinapopasuka

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 58, mkulima wa Lunga Lunga, amekuwa na goti bovu kwa muda mrefu. Siku moja, akiinuka kutoka kupalilia, anahisi kitu kimeachia nyuma ya goti. Ifikapo jioni shavu la mguu limevimba, ni jekundu na lina moto.

Kuna mambo mawili yanayofanana hapa kama pacha. Huenda kifuko cha Baker kimepasuka na ute umeteremka katikati ya misuli. Hilo huuma sana lakini kwa kawaida hupoa kwa kupumzika, kuinua mguu na dawa za maumivu. Au huenda damu imeganda katika vena. Hilo linaweza kuua, kwani bonge likichomoka huenda hadi mapafuni.

Matibabu yake yanapingana. Damu iliyoganda hutibiwa kwa dawa za kuzuia damu isigande. Mwenye kifuko kilichopasuka akipewa dawa hizo bila sababu anaweza kuvuja damu ndani ya shavu la mguu, misuli ikabanwa hadi kufa. Kwa upande mwingine, mwenye damu iliyoganda akiambiwa "ni goti tu, nenda kapumzike" anaweza asifike Ijumaa. Hakuna mganga, daktari wala muuguzi anayeweza kuwatofautisha hawa wawili kwa macho na mikono peke yake. Altrasaundi inaweza, na kwa dakika chache: vena inabonyea au haibonyei? Kuna maji kati ya misuli, yenye ncha inayoelekea chini?

Mara nyingine yote mawili yapo pamoja, kifuko kikubwa kikiwa kimeibana vena. Kwa hiyo mpimaji akiona kifuko asiweke kifaa chini. Aendelee kuipima vena hadi mwisho.

Mtambo nao una mipaka

Altrasaundi haioni ndani ya mfupa, wala haioni vizuri gegedu lililo katikati ya goti. Eksirei ya goti bado inahitajika kwa wengi, na wachache watahitaji picha ya sumaku. Zaidi ya yote, picha ni nzuri kadiri ya anayeipiga. Ndiyo sababu ripoti inayosema tu "uvimbe wa maji nyuma ya goti" haitoshi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: Je, mmeona shingo yake? Ateri na vena zimepimwa?

Zahanati nyingi za vijijini hazina mtambo huu. Mgonjwa wa huko huenda akalazimika kutafuta nauli hadi Kwale, Msambweni au Ukunda, na wengine huvuka Likoni. Kabla ya kusafiri, mwombe mhudumu wa zahanati aandike barua yenye kueleza uvimbe ulianza lini, unadunda au haudundi, na kama mgonjwa ana homa. Barua hiyo humwongoza mpimaji na huokoa safari ya pili.

Matibabu

Kifuko cha Baker kisichouma hakihitaji kuguswa. Tibu goti: punguza uzito, fanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, tumia dawa kwa ushauri wa daktari, na pumzisha goti lisikunjwe mno. Ugonjwa wa goti ukipungua, kifuko nacho hunywea.

Kikiuma au kikizuia mwendo, daktari anaweza kukitoa maji kwa sindano huku akiitazama ncha yake katika altrasaundi, kisha akatia dawa ya kupunguza uvimbe. Kifuko huweza kujaa tena iwapo goti bado linaugua. Upasuaji ni hatua ya mwisho.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo iwapo:

- shavu la mguu limevimba ghafla, hasa baada ya kujifungua, upasuaji, plasta au safari ndefu;
- unapumua kwa shida, kifua kinauma au unakohoa damu: hii ni dharura, usingoje asubuhi;
- uvimbe unadunda, au unyayo umekuwa baridi na kupauka;
- huwezi kuinua unyayo;
- una homa na goti halikunjiki.

Na usikawie kwenda kupimwa iwapo uvimbe unaendelea kukua, ni mgumu hata goti likikunjwa, au unauma usiku.

Mambo ya kukumbuka

Kwanza, uvimbe nyuma ya goti usipasuliwe, usichanjwe wala usiumikwe kabla ya kujulikana ni nini. Pili, kifuko cha Baker kina shingo kati ya kano mbili. Kisicho na shingo kichunguzwe zaidi. Tatu, vena na ateri zipimwe kila mara. Nne, weusi katika picha si lazima uwe maji.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa uvimbe wa nyuma ya goti, wembe ndio usubiri. Mgonjwa asisubiri.